Deni la Aliyeokoka

Mtu akitoka salama katika hatari, jambo la kwanza alifanyalo ni kumshukuru Mungu, na jambo la pili ni kusimulia. Shukrani ni wajibu, wala hatuna neno juu yake. Neno letu leo ni juu ya masimulizi. Twauliza hivi: mtu aliyeokoka katika hatari aliyoiingia kwa miguu yake mwenyewe, je, ana deni? Na kama analo, ni deni la namna gani, nalo alipwe nani? Wengi watasema kwamba swali hili halina maana, kwa kuwa aliyepona amepona. Hata sisi tulifikiri hivyo kwa miaka kadhaa. Sasa hatufikiri hivyo, na sababu yake tutaieleza, ingawa haitupi sifa.

Nyakisasa iko katika wilaya ya Ngara, mkoa wa Kagera. Ni nchi ya vilima. Penye watu pana migomba na maharage na kahawa. Lakini msafiri akishika njia ya mashariki, kuelekea Biharamulo, mashamba hupungua na mapori huanza. Mvua huanza mwezi wa Septemba au Oktoba, nayo hukoma Mei. Tangu Juni hata Agosti nchi hukauka kabisa, na moto hupita vilimani ukala majani yote. Vijito vidogo hukauka navyo, vikabaki mikondo ya mchanga baina ya kingo mbili, na mtoto aweza kucheza humo mchana kutwa asione hata tone la maji.

Miaka kumi na miwili hivi imepita tangu safari yetu. Tulikuwa walimu wawili, vijana bado, tumetoka chuoni si zamani, na wanafunzi tisa walikuwa nasi. Tulitaka waione nchi yao kwa macho yao wenyewe, wajue miti kwa majina, wajifunze kupika na kulala nje. Ilikuwa mwanzo wa Oktoba. Manyunyu mawili matatu yalikuwa yamekwisha kuanguka kijijini, lakini huko porini vumbi lilikuwa lingali likitimka nyuma ya miguu yetu. Siku ya pili, jua likielekea kutua, tulifika penye mkondo mkavu. Mchanga wake ulikuwa laini kama unga, hauna mawe wala miiba, na kingo zake zilizuia upepo. Vijana walikuwa wamechoka. Tukasema, "Hapa ndipo."

Tulipokuwa tukifunga turubai letu, akatokea mzee mmoja mlina asali, kamba yake ya kupandishia mizinga imezungushwa begani. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akasimama akitutazama. Watu wa Ngara wameona wageni wengi wakilala nje. Mwishoni mwa Aprili mwaka 1994, kwa muda wa siku moja hivi, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda, wakapiga kambi Benaco. Basi mwenyeji wa huko akimwona mgeni akitandika mahali pabaya, hanyamazi. Yule mzee akasema, "Wanangu, mwalala hapa?"

Tukamjibu, "Ndiyo, mzee. Mchanga ni mzuri."

Akasema, "Hapa ni nyumba ya maji. Mwenyewe hayupo, lakini hakuhama." Kisha akainua fimbo yake akatuonyesha mti uliosimama ukingoni. Katika matawi yake palikuwa na majani makavu na vijiti vilivyonasa kama kiota cha ndege, navyo vilikuwa juu kuliko kichwa cha mtu. "Yale hayakupandishwa na ndege," akasema.

Tukatazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe. Mbali sana, upande wa vilima tulikotoka, palikuwa na wingu moja na umeme usio na sauti. Tukamwambia, "Mzee, mvua iko wapi?" Naye akajibu, "Mvua haina haja ya kunyesha hapa." Hapo mmoja wetu akasema kwa mzaha, "Basi, mzee, mwenye nyumba akirudi mwambie tutamlipa kodi yake." Vijana wakacheka sana. Mzee hakucheka, wala hakukasirika. Akaenda zake.

Wasomaji, tulikuwa tumesoma jiografia. Tulikuwa tumewafundisha wanafunzi wale wale, kwa chaki na ubao, jinsi maji yatelemkavyo kutoka juu kwenda chini. Tulijua ya kuwa ardhi iliyounguzwa na moto ikaokwa na jua hainywi mvua ya kwanza. Huitelemsha yote kama bati la nyumba. Tulijua ya kuwa miteremko yote ya vilima humimina maji yake katika mkondo mmoja mwembamba. Tulijua pia ya kuwa meta moja ya mchemraba ya maji ina uzito wa kilo 1,000, na ya kuwa maji yasiyozidi magoti, yakienda mbio, humwangusha mtu mzima. Haya yote yalikuwamo vichwani mwetu. Lakini yalikuwamo kama vitu vya mtihani, na mzee alikuwa akituambia jambo lile lile kwa maneno ya porini, nasi hatukulitambua.

Usiku wa manane tukasikia mtu akipiga kelele juu ya ukingo. Tulidhani ni mlevi. Kisha tukasikia, nyuma ya sauti yake, mvumo kama wa lori zito lipitalo juu ya daraja la mbao, na hapana daraja mahali pale wala barabara. Mzee alikuwa hakwenda kwake. Alikuwa amekoka moto mdogo juu ukingoni, akakaa, akangoja. Sasa alikuwa amesimama na kinga cha moto mkononi, akiita, "Pandeni! Acheni vitu! Pandeni!"

Tulipanda kwa mikono na magoti, tukiwasukuma vijana mbele yetu. Kijana mmoja akarudi nyuma kuchukua viatu vyake. Vilikuwa vipya, mama yake alikuwa ameuza maharage akamnunulia. Ndipo maji yalipokuja. Hayakupanda kidogo kidogo kama maji ya mtungi. Yalikuja yamesimama, meusi kwa majivu ya vilima, yamebeba magogo na mapovu. Yalimpata yule kijana kiunoni. Alishika mzizi, na mzizi ukakatika. Mzee akatupa kamba yake ya mizinga, kijana akaidaka kwa mkono mmoja, na mzee akaizungusha kamba ile katika shina la mti, akavuta. Sisi tulikuja kumsaidia baadaye, kijana akiwa amekwisha kufika penye majani. Huo ndio ukweli: tulikuja baadaye.

Mzee hakutulaumu. Aliuliza neno moja tu: "Wako wangapi?" Tukasema tisa. Akasema, "Wahesabu." Tukawahesabu, wakawa tisa. Akasema, "Wahesabu tena." Tukawahesabu tena, huku tukitetemeka, si kwa baridi peke yake. Kulipopambazuka tuliona kiganja chake kimechunwa na kamba, naye amekifunga kwa kitambaa.

Asubuhi maji yalikuwa yamepungua hata vifundoni, na adhuhuri yakatoweka kabisa. Sufuria, mablanketi na turubai vilikuwa vimekwenda. Mchanga ulikuwa umelainishwa upya, mzuri kuliko jana. Msafiri ambaye angepita pale saa ile angesema, "Hapa ndipo."

Hiyo ndiyo habari yenyewe. Sasa twataka kueleza jinsi tulivyoisimulia.

Tuliporudi Nyakisasa, wazazi walikusanyika shuleni, nasi tukasema kwamba Mungu ametuokoa. Ni kweli. Tukasema pia kwamba mwenyeji mmoja alituita usiku. Ni kweli. Lakini hatukusema kwamba mwenyeji huyo alitukataza mchana, wala hatukusema kwamba tulimcheka. Mtu hahitaji kusema uongo ili apotoshe. Hutosha kuliacha neno moja njiani. Mwaka uliofuata, tulipowasimulia wanafunzi wapya, tulisema, "Tulimvuta kwa kamba." Mwaka wa pili tukasema, "Tulikuwa na kamba." Hivyo kamba ile ikahama kutoka mikono ya mzee ikaja mikononi mwetu, wala hatukuona siku ilipohama. Mwisho wake mzee akatoweka kabisa katika habari, ukabaki mzaha wetu wa kodi, kwa maana watoto waliupenda. Ikawa hadithi nzuri: walimu wawili hodari, usiku wa giza, maji makubwa, na watoto tisa salama.

Baadaye, vijana watatu waliokuwa wamemaliza masomo walikuja kututembelea nyumbani. Walikuwa wakicheka kwa furaha. Wakasema, "Mwalimu, tumelala pale penu! Tumelala kule mchangani!" Tukawauliza, "Mlikwenda kutafuta nini?" Wakasema, "Tulikwenda kulipa kodi. Tulitaka kuyasikia maji."

Ulikuwa mwezi wa Novemba, wakati wa mvua. Hawakupatwa na neno lolote. Mvua haikunyesha vilimani usiku ule, wakalala vizuri, wakarudi. Wasomaji, usiku wa mafuriko tuliogopa, lakini siku ile, tukiwatazama vijana watatu wazima wakinywa chai yetu, tuliogopa zaidi. Kwa maana tulijua ni nani aliyewapeleka kule. Tuliwauliza kwa nini hawakuogopa. Mmoja akajibu bila kufikiri, "Ninyi mlilala pale, mkapona."

Basi turudi kwenye swali letu. Aliyeokoka ana deni gani?

Jibu la kwanza ni la wale wasemao: hana deni, kuokoka ni bahati tu. Jibu hili lina ukweli ndani yake, nasi tusilidharau. Mtu asidhani ya kuwa aliyepona alikuwa mwema au mwerevu kuliko aliyekufa. Karibu na Naivasha, katika nchi ya Kenya, iko hifadhi iitwayo Hell's Gate, na ndani yake mna korongo jembamba ambalo wageni hupenda kulitembelea. Tarehe 22 Aprili mwaka 2012 vijana wa kanisa, waliotoka Nairobi kwa matembezi, walikutwa na mafuriko humo, na saba wakafa. Tarehe 1 Septemba mwaka 2019, katika korongo lile lile, wakafa tena watu saba, na mmoja wao alikuwa kiongozi wa wageni. Je, watu hawa walikuwa wabaya kuliko sisi? Hasha. Walikuwa watu waliokwenda kuona uzuri wa nchi, kama sisi. Tofauti kati yetu na wao ni muda mchache, na mtu mmoja juu ya ukingo. Walakini, kama kuokoka ni bahati, basi lisilokuwa la bahati ni lile tufanyalo baadaye. Bahati ilitutoa majini. Haikutulazimisha kusema uongo.

Na hapa hatuna budi kupambanua. Wako watu wengi wapatwao na maji pasipo kosa lolote. Tarehe 3 Desemba mwaka 2023 tope na mawe vilitelemka kutoka mlima Hanang vikaingia Katesh, watu zaidi ya 80 wakafa, na wengi walikuwa majumbani mwao. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili mwaka 2024 maji yalipasua njia yake karibu na Mai Mahiu, katika Kenya, yakawakuta watu wamelala vitandani. Mtu aliyepona kule hana neno la kuungama, wala asitafutiwe kosa. Kumwambia aliyefiwa kwamba angalijenga pengine ni ukatili, hasa iwapo hakuwa na pengine pa kujenga. Maneno yetu ni juu ya wale wenye uchaguzi: msafiri, mwenye kambi, kiongozi wa watoto, mtu aliyeambiwa akapuuza.

Jibu la pili ni la wale wasemao: deni la aliyeokoka ni shukrani, naye akiisha kumshukuru Mungu amelipa yote. Jibu hili tulilishika sisi wenyewe. Lakini tumegundua hila iliyojificha ndani yake, si katika shukrani, bali katika mioyo yetu. Mtu akisema, "Mungu ameniokoa," aweza kumaanisha, "Sikustahili, nilikosa, nikahurumiwa." Lakini aweza pia kumaanisha, "Nimeokolewa kwa kuwa mimi ni mtu wa pekee. Usiniulize tena jinsi nilivyofika kule." Maneno ni yale yale, na wasikilizaji hawawezi kupambanua. Sisi tulishukuru kwa namna ya pili. Tulilitumia jina la Mungu kama mkeka wa kufunikia shimo, na mkeka juu ya shimo ni mtego kwa apitaye nyuma. Tena tulimshukuru Mungu kwa kumwacha mtu ambaye kwa mkono wake tuliokolewa. Mkono ule ulichunika. Haiwi shukrani kamili kumpita mtu huyo kana kwamba hakuwako.

Jibu la tatu ndilo tulilofikia, na tulifika huko kwa kufundishwa. Baada ya vijana wale watatu kuondoka, hatukupata usingizi. Siku chache baadaye tulichukua sukari na kitenge cha mkewe, tukaenda kumtafuta mzee. Tulimkuta nyumbani kwake, amezeeka zaidi, anachonga mzinga. Tukapiga magoti, tukamweleza yote: jinsi tulivyomcheka mbele ya watoto, jinsi tulivyojitwalia kamba yake. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba kicheko chetu hakikumbuki. "Wageni wengi hucheka," akasema. Akapokea sukari na kitenge, akavitia ndani, akarudi akaketi. Halafu akauliza, "Na vijana, mmewaambia?"

Tukanyamaza. Tulikuwa tumekuja kumlipa yeye, kumbe yeye hakuwa akitudai. Deni lilikuwa kwa wale watakaopita nyuma yetu. Naye aliliona mara moja, kwa kuwa yeye usiku ule hakuhesabu faida wala heshima, alihesabu vijana.

Basi hili ndilo twalisema: aliyeokoka katika hatari ya kujitakia ana deni la kusema kweli, nalo hulipwa kwa wale ambao bado hawajafika kule. Na kweli hiyo ina sehemu tatu, wala moja haifai bila nyingine. Aseme alivyoonywa, na nani. Aseme kwa nini hakusikia. Aseme nani alimtoa. Akiacha la kwanza, watu watadhani hatari haina dalili. Akiacha la pili, watadhani ni wajinga tu wapatwao. Akiacha la tatu, watadhani mtu huokoka kwa ushujaa wake mwenyewe, wataingia majini wakitegemea ushujaa wao.

Tuliporudi shuleni tuliomba nafasi mbele ya wanafunzi wote, tukaisimulia habari upya kama mlivyoisoma hapa. Haikuwa kazi nyepesi. Wengine walicheka tulipofika penye kodi, kisha kicheko kikafa. Mwalimu mmoja mkubwa kuliko sisi alituita kando akatuonya kwa upole. Alisema kwamba heshima ya mwalimu ni kama mtungi, ukipasuka haushiki maji tena. Na kwamba mtoto akijua mwalimu wake amekosa katika jambo la uhai, hatamsikia hata katika hesabu. Hatulidharau neno lake. Ni mtu aliyefundisha miaka mingi, na watoto wapendao kumdharau mkubwa wako kila mahali. Lakini tulifikiri hivi: heshima yetu ya kwanza, ile iliyojengwa juu ya kamba ya mtu mwingine, iliwasikilizisha watoto vizuri kabisa, hata ikawapeleka watatu kulala mkondoni. Heshima ya namna hiyo ni hatari kuliko kudharauliwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi twaongeza ya kuwa mwalimu afichaye kosa lake, pengine kifo kitamwumbua kwa mtoto wa mtu mwingine.

Siku ile msichana mmoja wa darasa la chini alinyosha mkono akauliza, "Mwalimu, kwa nini mlimcheka?" Tulijaribu kujibu kwamba tulikuwa tumechoka, na kwamba mbingu ilikuwa nyeupe. Lakini alikuwa angali ametutazama, na hayo hayakuwa jibu. Jibu la kweli ni kwamba tuliona haya kufundishwa mbele ya wale tuwafundishao. Laiti mzee angalituambia faraghani, labda tungalihama. Alitwambia mbele ya wanafunzi tisa, naye hakuwa na viatu, wala cheti, wala miwani. Tukaona kwamba tukiondoka, tutakuwa tumeshindwa naye. Basi tukachagua kushinda. Watoto tisa walikaribia kufa ili walimu wawili wasionekane wameshindwa na mlina asali. Tulipomwambia msichana yule maneno haya, alishusha mkono wake, akaandika kitu katika daftari lake. Hatujui aliandika nini.

Yawezekana msomaji atauliza: je, mambo haya yanahusu maji tu? Hayahusu maji tu. Dereva aliyenusurika kwa mwendo wa kasi akawasimulia wenzake kwa kicheko, mlevi aliyelala njiani akaamka salama, mfanyabiashara aliyekopa kwa pupa, biashara ikaponea chupuchupu, naye akawafundisha vijana kwamba woga hauzai mali: hawa wote wamesimama mchangani adhuhuri, maji yamekwisha kupita, nao wawaambia watu, "Hapa ndipo." Kila aliyepona ni shahidi, na watu humwamini shahidi kuliko kitabu. Kwa hiyo ushahidi wake ukiwa nusu, ni afadhali angalinyamaza.

Lakini kwa kuwa tulianza na maji, tuseme na neno la kufaa kwa safari. Mwanzo wa Mei mwaka 2024 mto Talek, katika mbuga ya Maasai Mara, ulivunja kingo zake ukaingia katika kambi zaidi ya kumi za wageni, na wengine wakachukuliwa kwa helikopta. Zile zilikuwa kambi zenye vitanda, taa na watumishi. Maji hayaulizi thamani ya hema. Basi ninyi mtakaowaongoza vijana porini, msilale katika mkondo mkavu, hata uwe mzuri namna gani. Tazameni matawi ya miti ya kingo, muone kama majani makavu yamenasa juu. Mkiona umeme upande wa mlima, msitazame mbingu iliyo juu yenu, tazameni njia iliyo kati yenu na mlima ule. Mkisikia mvumo, acheni viatu. Na kabla ya kufungua mizigo, mtafuteni mwenyeji mumwulize, "Mzee, mahali hapa ni pa nani?" Akiwajibu mbele ya wanafunzi wenu, mwitikieni mbele ya wanafunzi wenu. Hilo nalo ni somo, na labda ndilo kubwa kuliko yote watakayolipata katika safari ile.

Yule kijana wa viatu sasa ni mtu mzima mwenye mke na watoto wawili. Tulimwomba ruhusa kabla ya kuandika habari hii, naye alikubali, ila alitusahihisha jambo moja. Sisi tulikuwa tukisimulia sikuzote kwamba viatu vilipotea. Alisema kiatu kimoja alikuwa nacho mkononi muda wote, na ndiyo sababu alidaka kamba kwa mkono mmoja tu. Hatukukumbuka hivyo. Tumelitia neno lake hapa, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa majini.